Viendelezi vya Bi Mabano

Kwenye kitambulisho alikuwa na jina lake, na mimi niliyempelekea barua kwa miaka ishirini na sita nililisoma juu ya bahasha kila wiki, lakini nilimwita Bi Mabano kama wengine. Jina lilimpata alipohamia kwenye kompyuta. Vijana walikuwa wakiandika mistari yao ya programu, wanafungua mabano, halafu wanasahau kuyafunga. Yeye anapita nyuma ya viti vyao na kusema, "Mabano, baba. Mabano. Umefungua mlango ukaondoka." Basi likakaa.

Mimi nilikuwa tarishi wa idara ya maji. Kazi yangu ilikuwa kutoa karatasi mahali ilipo na kuipeleka mahali isipokuwapo, na katikati kuna ngazi. Jengo lina ghorofa tatu. Lifti imebandikwa "inatengenezwa" tangu magoti yangu yalipokuwa mazima. Nasema haya ili ijulikane kwamba mengi niliyoyaona niliyaona nikipita. Mpita njia huona vipande, lakini akipita mara nyingi vipande huungana.

Bi Mabano aliingia ofisini akiwa mpiga chapa. Mashine yake ilikuwa ya chuma, nzito, mtu mmoja haibebi, na aliipiga bila kutazama vidole wala karatasi. Alitazama dirishani, utadhani barua inaandikwa na mtu mwingine na yeye anamsindikiza tu. Mashine zile zilipouzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wapiga chapa sita waliitwa wakaambiwa wachague, kwenda nyumbani au kujifunza kompyuta. Watano walikwenda nyumbani. Yeye aliuliza, "Hiyo kompyuta ina herufi zile zile?"

Akaambiwa ndiyo.

"Zimepangwa vile vile?"

Ndiyo.

"Sasa kikao hiki ni cha nini?"

Akaanza upya akiwa na miaka arobaini na moja, anafundishwa na watoto waliozaliwa yeye yuko kazini tayari. "Mama, bonyeza hapa," wanamwambia, naye anabonyeza. Baada ya miaka minne wao ndio waliokuwa wakimuuliza pa kubonyeza.

Kazi yake ikawa zamu za maji. Maji yetu hayatoshi kufika kila mahali siku moja, kwa hiyo mji umegawanywa kanda: Kanda ya Chini, Kanda ya Kati, Kanda ya Juu, na nyinginezo, na kila kanda ina siku zake. Kuna programu inayosoma faili lenye orodha ya kanda na siku, halafu alfajiri inawatumia wafungua vali ratiba yenye namba. Mfungua vali haulizi kwa nini. Akiambiwa Kati, anafungua Kati. Programu ile na faili lake aliviandika Bi Mabano, akavitunza Bi Mabano, na watu wakafua nguo zao siku walizoambiwa.

Sasa niseme habari ya viendelezi, maana ndivyo vilivyotuletea haya yote. Waandishi wa programu wana chombo cha kuandikia kiitwacho kihariri. Kichukulie kama daftari lililo ndani ya kompyuta. Linakuja tupu, halafu mwenyewe huliongezea vidude vidogo vidogo. Hiki kinapaka maneno rangi, hiki kinamalizia neno kabla hujalimaliza, hiki kinapanga mistari ikae sawasawa, hiki kinaonyesha bano lililoachwa wazi. Vidude hivyo ndivyo viendelezi. Hupatikana bure, na binadamu na cha bure tunajuana.

Kijana wa meza ya pili kutoka kwa Bi Mabano, ambaye kwa kasi yake tulimwita Chapuchapu, alikuwa navyo mia moja na kumi na vinane. Kimoja kilionyesha paka akitembea chini ya skrini.

"Hiki kinafanya nini?" Bi Mabano alimuuliza.

"Kinatembea, Mama."

"Kinakwenda wapi?"

"Kinakwenda, halafu kinarudi."

Asubuhi Chapuchapu aliwasha kihariri, akaenda kunywa chai, akapiga soga na mlinzi wa getini, akirudi anakikuta kinamalizia kuamka.

Bi Mabano alikuwa na vyake thelathini na kimoja, na alivisimamia kama mama mkwe asimamiavyo jiko la mwanawe. Alikuwa na daftari la karatasi, la kweli, lenye jalada gumu. Kila kiendelezi kilipewa ukurasa: kimeletwa na nani, kimekuja lini, kinafanya nini, na kinagombana na kipi. Ndiyo, hugombana. Viendelezi viwili vya kupanga mistari vikikaa kwenye kihariri kimoja, kimoja kinausogeza mstari kulia, kingine kinaurudisha kushoto, kama mawifi wawili na chungu kimoja. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi alikizima kimoja. Kukizima tu, si kukifuta. Anafanya kazi wiki nzima bila hicho. Wiki ikiisha hajakikumbuka, anakifuta na kuandika: "Kimekwenda salama." Akikikumbuka, anakiwasha na kuandika siku na saa aliyokikumbuka.

Chapuchapu alimwambia kwamba kazi ile ni ya dakika tano.

"Kufuta ni dakika tano," alimjibu. "Kujua umefuta nini ndiyo wiki."

Kiendelezi kimoja hakikuwa na ukurasa daftarini.

Bi Mabano alivaa kispika kwenye sikio la kushoto, uzi umepita chini ya kitambaa cha kichwa. Ofisi nzima ilijua kwamba anasikiliza redio. Wengine walisema ni michezo ya kuigiza, wengine mahubiri, na yule mlinzi wa getini aliapa kwamba ni mpira. Siku moja, miaka mitatu kabla ya mambo ninayoyasimulia, nilimpelekea barua ya kusaini. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaniambia, "Kaka, hebu nisomee, mikono yangu ina kazi."

Mikono yake ilikuwa imelala mapajani. Nikamsomea. Akasaini, lakini alisaini juu ya muhuri. Sikuichukua barua. Mwishowe akavua kile kispika, akanipachika mimi. Sauti ya mwanamke aliyebanwa pua ikaniambia: "Nafasi nne. Fungua mabano. Kanda ya Kati. Mkato. Jumanne. Funga mabano."

"Nani huyu?"

"Kiendelezi. Kinanisomea mistari."

"Tangu lini?"

"Mwaka sasa. Katikati ya macho pameingia ukungu. Pembeni naona. Wewe hapo nakuona masikio, uso sikuoni."

"Hujakosa kitu," nikamwambia.

Akacheka kidogo, halafu akaniomba nisimwambie mtu. Kanuni za ofisi zilisema mtumishi asiyeona vizuri apumzishwe kwa sababu za afya, hata kama muda wake wa kustaafu haujafika. Yeye hakuwa tayari kupumzishwa. Aliishi na mdogo wake, mjane mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili na cherehani moja. Yule mdogo mtu namfahamu, suruali zangu zote amezipunguza yeye. "Dada yangu nampenda," aliniambia siku moja pini ziko mdomoni, "lakini nampenda kuanzia saa kumi na moja jioni." Bi Mabano naye alilijua hilo. Alisema ukungu ameshauzoea. Asichoweza kukizoea ni kukaa kwenye kiti asubuhi hadi jioni, anaulizwa kama ameshakunywa maji.

Kwa hiyo nikatunza siri. Si kazi ngumu. Tarishi akiwa na mdomo hafiki miaka ishirini na sita.

Halafu chumba cha kompyuta kikapata Mkuu mpya. Alikuwa mtu mstaarabu, anasalimia mpaka wafagiaji, mikunjo ya shati lake ungeweza kukatia mkate. Kasoro yake ilikuwa moja tu, alipenda vitu vilingane. Wiki ya kwanza viti vyote vikawekwa kimo kimoja, pamoja na vya watu wasio wa kimo kimoja. Wiki ya pili aliuliza kwa nini kompyuta zinachelewa kuamka, akaonyeshwa paka. Wiki ya tatu nikapewa karatasi niibandike mlangoni. Ilisema kila mtu atakuwa na viendelezi tisa, vile vile tisa, na vingine vyote vitaondolewa Alhamisi saa tisa mchana. Mwenye hoja aitoe kwenye kikao cha Jumatano. Niliibandika ikakaa upande. Mkuu akatoka, akainyoosha.

Kwenye kikao Bi Mabano alikuja na daftari lake.

"Mkuu, visifutwe siku moja," alisema. "Tuzime kimoja kimoja. Hatujui kipi kimeshikilia nini."

Mkuu alilipokea daftari kwa mikono miwili, akafunua kurasa tatu kwa heshima zote. "Mama, una mwandiko mzuri sana," akasema, akamrudishia. "Ila tukienda kwa mwendo huo, tutamaliza na mimi nimestaafu."

Watu wakacheka. Hata yeye alitabasamu.

"Kama kuna kimoja ambacho huwezi kufanya kazi bila hicho, kitaje, nitakiongeza kwenye orodha," Mkuu akaendelea. "Utoe tu sababu mbele ya wenzako, kama kila mtu."

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Niliona mkono wake ukipanda kuelekea sikioni, ukaishia shingoni, ukajifanya unanyoosha kitambaa.

"Hakuna," akasema.

Nilimfuata kwenye ukumbi. "Kwa nini hukusema?"

"Nitasema nini?"

"Si ungesema tu kwamba..."

"Kaka, angalia vikombe. Vitaanguka."

Alhamisi saa tisa Chapuchapu alipewa kazi ya kufuta. Aliandika amri moja, akabonyeza, na kompyuta kumi na moja zikasafishwa kwa muda wa mtu kupiga chafya. Paka naye alikwenda. Chapuchapu akabaki anatazama pale chini ya skrini alipokuwa akipita.

"Pole, baba," Bi Mabano alimwambia.

"Alikuwa hana kazi, Mama."

"Najua. Pole hivyo hivyo."

Kesho yake, Ijumaa, faili la zamu lilikuwa na mstari mmoja tu wa kubadilisha. Kanda ya Juu ilihamishwa kutoka Jumapili kwenda Jumatatu. Siku zote hiyo ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nilipopita saa nne nilimkuta pua inakaribia kugusa skrini, kichwa amekipinda upande kama kuku anayetafuta punje. Nilipopita saa saba alikuwa vile vile. Alimaliza saa tisa kasoro dakika kumi. Kispika alikuwa bado amekivaa, na hakikuwa kinasema chochote.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Nimeandika," akasema. "Kumaliza tutajua Jumatatu."

Jumatatu Kanda ya Juu haikupata maji.

Saa mbili asubuhi watu wa Juu walianza kuteremka wakiwa na ndoo tupu. Hawakudhani kwamba ofisini kuna maji ya kuteka. Ndoo tupu ukiiweka juu ya kaunta inajieleza vizuri kuliko malalamiko. Mama mmoja mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, aliiweka yake mbele ya karani.

"Nimeloweka nguo tangu jana," akasema.

"Ulikuwa na maji, sasa?" karani akamuuliza.

"Ya mwisho. Nimeyatumia kwa sababu mmeandika leo yanakuja. Mwandiko si wenu?"

Mfungua vali akapigiwa simu. "Juu sikuambiwa," akasema. "Nimeambiwa Chini, nimeambiwa Kati. Juu haimo." Akaombwa afungue tu, mambo mengine yatafuata. Akakataa. Mwaka juzi alifungua kwa maneno ya simu, akaandikiwa barua ya onyo, na ile barua bado anayo. Alitaka ratiba yenye namba.

Programu iliagizwa itoe ratiba upya, ikaitoa, na Juu haimo. Faili likafunguliwa, na Juu imo. Ipo pale pale, Kanda ya Juu, Jumatatu, mabano yamefungwa. Watu wanne walisimama nyuma ya skrini moja, macho manane mazima, tangu saa mbili hadi saa nne na nusu. Waliusoma mstari ule kwa zamu. Walihesabu herufi zake. Chapuchapu aliufuta, akauandika upya kwa kasi yake ile. Ukaonekana vile vile, na ukakataa vile vile.

Mkuu akauliza nani aliligusa faili kabla ya leo. Swali hilo kompyuta hulijibu haraka kuliko maswali mengine yote. Bi Mabano, Ijumaa, saa tisa kasoro dakika kumi.

Akamwita mezani kwake. Nami nikasimama karibu, maana barua zikitaka kuandikwa huwa nasimama karibu.

"Mama," Mkuu akasema, na hakupaza sauti, "itabidi niandike barua ya uzembe. Ni ya kwanza, haitakutoa kazini. Lakini kama kuna sababu yoyote, niambie sasa."

Nitaeleza lililokuwa mbele yake, kwa sababu nilikuwa mmoja wa wawili tuliolijua. Akinyamaza, ataitwa mzembe kwa karatasi moja, atameza mate machungu, atabaki na kazi yake miaka miwili iliyosalia. Kanda ya Juu nayo itapata maji siku wale wanne watakapogundua kilichojificha. Akisema, itaandikwa barua ya macho, na hiyo haitakuwa ya kwanza. Itakuwa ya mwisho.

Kutoka kaunta ikasikika sauti ya yule mama. "Mnatafuta nini humo tangu asubuhi, bomba?"

Bi Mabano alivua kile kispika bubu, akauzungusha uzi kidoleni.

"Nirudishieni msomaji wangu," akasema.

"Msomaji yupi?"

"Kuna kiendelezi kinachonisomea mistari. Mlikifuta Alhamisi. Nipeni kwa dakika tano."

Mkuu hakuelewa. "Usomewe mstari kwa nini, Mama? Si huo hapo."

"Siuoni, mwanangu. Ni mwaka wa nne huu. Hiyo skrini naiona ukingo, katikati hamna kitu."

Chapuchapu ndiye aliyefungua mdomo. "Lakini Mama... ile redio?"

"Redio gani?"

Chapuchapu akakirudisha kile kiendelezi. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alifanya kitu polepole. Akasahau kuchomeka kispika, kwa hiyo ile sauti iliyobanwa pua ikatoka kwa wote, kali, ikafika hadi kaunta. Bi Mabano akakaa, akageuza uso dirishani, akaanza kushuka mstari kwa mstari.

"Nafasi nne. Fungua mabano. Kanda ya Chini," sauti ikasema. "Nafasi nne. Fungua mabano. Kanda ya Kati. Msogezo mmoja. Fungua mabano. Kanda ya Juu."

Akaisimamisha. "Mmesikia?"

Hakuna aliyesikia kitu. Akarudi nyuma, akairudisha. "Msogezo mmoja," sauti ikasema tena, kwa uvumilivu.

Ni hivi. Kuna njia mbili za kuuingiza mstari ndani kidogo. Unaweza kupiga nafasi moja moja, nne, au unaweza kubonyeza kitufe cha pembeni kushoto kinachousogeza mara moja. Kwa macho ni kitu kimoja, weupe ule ule, upana ule ule, hata uangalie mpaka jioni. Lakini programu ya zamu haiangalii, inahesabu. Mstari wenye nafasi nne mwanzoni ni kanda. Wenye pungufu ya nne ni maelezo ya mwandishi, na maelezo yanarukwa. Msogezo ni mmoja, na moja ni pungufu ya nne. Kwa asubuhi ile Kanda ya Juu, watu elfu tisa na ushei, walikuwa maelezo.

"Lakini kitufe hicho tunakibonyeza wote," Mkuu akasema. "Miaka yote."

"Tunakibonyeza wote, ndiyo. Kulikuwa na kiendelezi kinachogeuza msogezo kuwa nafasi nne kila ukihifadhi faili. Kimyakimya, hakijitangazi. Ukurasa wa kumi na saba. Ijumaa nilibonyeza kwa mazoea, na cha kuugeuza hakikuwapo, na cha kuniambia hakikuwapo."

Mkuu alilichukua daftari, akafungua ukurasa wa kumi na saba. Safari hii hakusema kitu juu ya mwandiko.

Bi Mabano akaufuta ule msogezo, akapiga nafasi, nilizihesabu, nne. Ratiba yenye namba ikatoka. Saa sita na robo maji yakapanda Juu. Yule mama mnene alichukua ndoo yake, akamuuliza karani, "Aliyepata ni yule mama aliyetazama dirishani?"

"Ndiye."

"Mpeni chai," akasema, akaondoka.

Barua ya uzembe haikuandikwa. Ile ya macho iliandikwa. Mkuu alikuwa ameambiwa mbele ya watu kumi, na kanuni ni kanuni, hasa kwa mtu anayenyoosha karatasi mlangoni. Aliiandika mwenyewe, akanikabidhi niipeleke ofisi ya utumishi, ghorofa ya tatu. Kutoka kwetu ni ngazi arobaini na nane. Kwenye ya ishirini nikakaa. Nikiri tu, nilifikiria kuipoteza. Tarishi akitaka barua ipotee, haionekani tena mpaka kiama. Lakini barua iliyopotea huandikwa upya, na ya pili huandikwa na mtu mwenye hasira. Nikasimama, nikaipeleka.

Utumishi wakajibu kwa swali la mstari mmoja: kazi anaifanya? Nikaliteremsha swali. Mkuu akakaa nalo tangu asubuhi mpaka baada ya chakula cha mchana. Halafu akanipa bahasha nene isiyofungwa. Tarishi hasomi barua za watu, ila bahasha isipofungwa macho hayana adabu. Alikuwa amechapa ratiba zote za miaka minne, na juu yake ameandika: "Hizi zote amezitoa akiwa katika hali hiyo. Kosa ni moja, na ni langu." Ngazi arobaini na nane za siku ile sikumbuki kuzipanda.

Daktari alimpima, akasema ukungu hautaondoka, utaenea polepole. Utumishi wakaamua amalizie miaka yake miwili, kwa sharti kwamba kila ratiba ipitiwe na mtu wa pili kabla ya kutumwa. Mtu huyo akawa Chapuchapu. Sharti lile lilimuuma Bi Mabano. Nyumbani alimwambia mdogo wake kwamba wamemwekea mlezi.

"Afadhali akulee yeye mchana," mdogo mtu akamjibu, "usiku nitapokea zamu."

Msomaji ikabidi arudishwe rasmi. Mkuu angeweza kumruhusu Bi Mabano peke yake, lakini mtu haachi maumbile yake kwa kosa moja. Alikiingiza kiendelezi hicho kwenye orodha ya wote, pamoja na kile cha ukurasa wa kumi na saba, vikawa kumi na kimoja. Asubuhi yake kompyuta kumi na moja ziliamka zote zikasema, "Fungua mabano," kila moja kwa wakati wake, na hakuna aliyejua zinanyamazishwaje. Mkuu alisimama katikati ya chumba ameziba masikio kistaarabu. Bi Mabano akapita meza kwa meza akizizima, akiwaelekeza kitufe. "Hapa, baba. Siku ukikihitaji utajua kilipo."

Baada ya hapo hakuficha tena. Kuna mfanyakazi mpya alikuja hana skrini, na stoo haina. Bi Mabano akasema wachukue yake.

"Wewe utafanyaje?" Mkuu akauliza.

"Kama jana."

Wakaibeba. Mezani pakabaki kibodi, kispika na daftari. Wageni waliopita walimkuta mama mtu mzima akipiga kibodi mbele ya ukuta mtupu, wakaniuliza kwa kunong'ona kama nimeshatoa taarifa. Niliwaambia taarifa ipo.

Ijumaa ya kwanza ya utaratibu mpya nilikuwa nasubiri nakala ya ratiba niipeleke kwa mfungua vali, ambaye tangu yale mambo alitaka na karatasi. Bi Mabano aliimaliza kwa dakika mbili. Chapuchapu akaja na kiti chake, akaifungua kwenye skrini yake, akaanza kuipitia kama alivyoagizwa, mstari kwa mstari, kidole kiko kwenye kioo. Ilimchukua saa nzima. Bi Mabano alikaa anasubiri, mikono imelala mapajani.

"Haya, umeona nini?" akamuuliza.

"Sijaona kitu, Mama."

"Basi saini. Kaka ana ngazi za kushuka."